Sakiti breka inalinda waya, haikulindi wewe

Fundi umeme yeyote ameshayasikia malalamiko haya: ukiwasha pasi, birika na oveni kwa pamoja, umeme wa jikoni unakatika. Mwenye nyumba anaomba iwekwe breka "kubwa kidogo". Fundi asiyejali anatoa ya ampea 20, anaweka ya 32, analipwa na kwenda zake. Umeme haukatiki tena, na hatari ndiyo kwanza inaanza.

Breka haikuwekwa kwa ajili ya oveni. Kazi yake ni kuulinda waya uliofukiwa ukutani usipate moto hadi mpira wake ukayeyuka. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu vyombo, uliza unene wa waya, unaopimwa kwa milimita za mraba. Wa 1.5 wa taa hupewa breka ya 6 au 10. Wa 2.5 wa soketi hupewa 20. Jiko kubwa la umeme huvutiwa njia yake, mara nyingi waya wa 6 na breka ya 32. (Ipo namna ya kuuzungusha waya wa 2.5 kwenye soketi zote na kuurudisha kwenye breka ileile. Hapo 32 inakubalika kwa kuwa mkondo una njia mbili. Pete hiyo ikikatika mahali, kinga nayo imekwisha, na soketi zitaendelea kufanya kazi kama kawaida.)

Turudi jikoni. Pasi ya wati 1,200, birika la 2,000 na oveni ya 2,500 ni jumla ya wati 5,700. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu ampea 25. Breka ya 20 inaweza kuuvumilia mzigo huo kwa muda, kisha ikafyatuka. Ya 32 haitashtuka: kwa viwango vya kimataifa, inaweza kubeba ampea 36 saa nzima bila kukata. Waya wa 2.5 ndani ya bomba, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, haustahimili hilo. Dawa ni kuivutia oveni njia yake kutoka mein swichi.

Tazama pia herufi iliyo mbele ya namba. B16 hukata papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya kiwango chake. C16, mara 5 hadi 10. B yatosha kwa taa na soketi. C iwekee pampu ya maji au kiyoyozi, ambavyo huvuta mkondo mkubwa vinapoanza kuzunguka. D waachie wenye karakana.

Sasa suala ambalo wengi hulipuuza kwa kukwepa gharama. Nyumba nyingi kwetu hutegemea fimbo ya erthi iliyopigiliwa uani. Udongo ukikauka, ukinzani wake unaweza kufika omu 50. Friji ikivujisha umeme kwenye bodi lake, mkondo utakaopita ardhini ni volti 230 kugawanya kwa 50: ampea 4.6. Breka ya 20 itauona huo kama mzigo mdogo tu, na bodi la friji litabaki na umeme likimsubiri mtoto aliyetoka kuoga.

Kinachomwokoa mtoto huyo ni RCD, kifaa kinacholinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, kinakata kabla hujahesabu moja. Chagua cha 30, maana cha 100 au 300 hulenga zaidi kuzuia moto. Usiitegemeze nyumba nzima kwenye kimoja, la sivyo pasi mbovu itaizima friji nawe umesafiri. Fedha ikiruhusu, zipo breka zenye RCD ndani yake, moja kwa kila njia.

RCD ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze leo. Kisipokata umeme, mwite fundi abadilishe kifaa hicho kabla ya kununua chombo kingine chochote cha umeme.