Fahamu: Losheni ya jua inapoingia kwenye damu

Mwaka 2019, watafiti wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, waliwapaka watu 24 losheni za kuzuia jua mara nne kwa siku, kwa siku nne, kwenye robo tatu ya mwili. Vipimo vya damu vikaonyesha kuwa kemikali nne, zikiwemo avobenzoni na oksibenzoni, zilipenya ngozi na kuvuka nanogramu 0.5 kwa mililita.

Wengi waliingiwa na hofu. Lakini kiwango hicho si alama ya sumu. Kikivukwa, FDA hutaka usalama wa kemikali uchunguzwe zaidi. Watafiti wenyewe walisisitiza watu wasiache kujipaka.

Kemikali hizi hunyonya miale ya urujuanimno na kuigeuza joto kabla haijaunguza ngozi. Oksibenzoni ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi: huwaletea baadhi ya watu mzio, na tangu 2021 Hawaii imezuia losheni zenye kemikali hiyo kuuzwa bila cheti cha daktari, kwa kuhofia kuwa inadhuru matumbawe. Nyuma ya chupa inaweza kuandikwa kwa jina la Benzophenone-3. Asiyeitaka achague yenye oksidi ya zinki.

Kwa watu wenye ualbino, kuiogopa losheni kunaweza kuua. Saratani ya ngozi huwapata mapema, ndiyo maana losheni ya KiliSun ilianza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kwa ajili yao. Hatari ya jua kwao imethibitishwa. Wanahitaji losheni, tena ipakwe upya kila saa mbili wakiwa juani, pamoja na kofia pana na mikono mirefu.