Dari, Uvungu na Uchaga: Istilahi za Kuhami Paa la Nyumba

Tuliletewa maelezo ya kazi ya ukurasa mmoja, yaliyotumika katika ukarabati wa nyumba huko Turwa, wilayani Tarime, mkoani Mara. Asili yake ni kijitabu cha Kiingereza kilichoandikwa kwa wenye nyumba wa Uingereza wanaotaka kutandaza sufi ya kuzuia baridi chini ya paa, kisha kuweka mbao juu yake wapate mahali pa kuhifadhia vitu. Tafsiri ilisema: "Weka kizuizi darini, kisha tengeneza sakafu juu ya dari." Fundi alitii, akapigilia mbao nyepesi hapo hapo kwenye vipande vinavyoshikilia dari. Siku ya kupandisha masanduku, waliokuwa sebuleni waliona mguu wa mtu umening'inia juu ya vichwa vyao. Kwa bahati njema aliyehusika alichubuka tu.

Si haki kumlaumu fundi. Wala mfasiri hakuwa mzembe, kwani kila neno alilolitumia limo katika kamusi. Tatizo linaanzia katika neno dari lenyewe, na kwa kuwa maelezo ya namna hii hupita mikononi mwa wafasiri, walimu wa ufundi na maofisa wa zabuni kila mwaka, tumeona inafaa kulieleza kwa kirefu.

Katika nyumba za mawe za pwani, mathalani za Lamu na Unguja, dari ilijengwa kwa boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, kisha juu yake yakapangwa mawe na kumwagwa chokaa iliyopondwa ikashikana. Kitu hicho kimoja kilikuwa dari kwa aliyekaa chini na sakafu kwa aliyekaa juu. Ndiyo maana mtu wa pwani aliweza kusema kwamba mgeni amelala darini, na asieleweke kuwa mgeni amelala miongoni mwa panya. Dari hiyo ilibeba watu, vitanda na makasha.

Neno hilo lilipofika bara lilikuta nyumba za namna nyingine. Nyumba ya zamani ya Wakurya ilikuwa ya msonge, iliyoezekwa kwa nyasi. Baadaye yakaja mabati, na pamoja na mabati ikaja dari ya mbao laini au ya jasi, ambayo mafundi huiita silingi bodi, ikipigiliwa chini ya kenchi. Kazi yake ni kuficha paa na kupendezesha chumba. Haikukusudiwa kubeba hata kuku. Basi mfasiri aliyeandika "juu ya dari" alikuwa na dari ya Unguja akilini, na fundi wa Turwa alikuwa na silingi bodi mkononi.

Je, ile nafasi iliyo kati ya dari na mabati inaitwaje? Kiingereza kina neno moja fupi kwa nafasi hiyo; sisi tumezoea kusema "juu ya dari" au "ndani ya paa", na yote mawili yanapotosha, kwa kuwa la kwanza laweza kuwa ni uso wa juu wa dari na la pili laweza kuwa ni unene wa paa. Tunapendekeza uvungu wa paa. Kila mtu anaujua uvungu wa kitanda: ni nafasi iliyo wazi, iliyofunikwa kwa juu, ambamo vitu huwekwa na watu hawakai. Baadhi ya wenzetu wamelitaja neno upenu, lakini upenu ni mahali penginepo, chini ya ukingo wa paa, nje ya ukuta.

Tuje sasa kwenye neno kizuizi. Msomaji atauliza, kizuizi cha nini? Cha mwizi, cha maji, cha popo? Wengine huandika "kizuia joto", nalo ni afadhali, lakini lina kasoro mbili. Kwanza, hakuna kitu kinachozuia joto kabisa. Vitu hivi hulichelewesha tu. Pili, mwenye nyumba wa Turwa hataki kulizuia joto nyakati zote. Eneo la Tarime liko juu, na usiku wake huwa na baridi. Mchana mabati huchomwa na jua, chumba kikawa tanuri. Usiku mabati hayo hayo hupoa upesi na kuufukuza uvuguvugu wote. Anachohitaji ni joto la mchana libaki nje na joto la usiku libaki ndani.

Nyasi zilifanya kazi hiyo bila kuitwa kwa jina lolote. Ndani ya nyasi zilizopangwa kwa unene mna hewa iliyonaswa isiyoweza kutembea, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Sufi ya kioo na sufi ya mwamba, zinazouzwa kwa mabunda, zina siri ile ile. Ukilinganisha vitu vya unene mmoja, ubao wa kawaida hupitisha joto kiasi cha mara tatu kuliko sufi ya kioo, na chuma cha bati zaidi ya mara elfu. Mabati yalituondolea moto na kuvuja, tukalipa kwa joto, baridi na kelele. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha chini ya mabati matupu mvua ikinyesha anajua kwamba kipindi hicho huwa kimekufa.

Kwa jambo hili lugha yetu inalo tayari neno hami, lenye maana ya kukinga na kulinda, na kutokana nalo wanafizikia wamepata kihami. Tunapendekeza kuhami kwa kitendo, uhami kwa hali, na kihami kwa kitu chenyewe. Ila katika ujenzi lisiachwe peke yake. Fundi wa umeme akisikia kihami hufikiria ganda la waya. Seremala hufikiria bunda la sufi. Tuandike kihamijoto, kihamisauti, kihamiumeme. Tofauti hii si ya urembo. Waya unaopitisha umeme mwingi hutoa joto, na ukifukiwa chini ya kihamijoto hukosa pa kulitolea, hata kihamiumeme chake kikaweza kuharibika na kuleta moto. Sentensi isemayo "funika waya kwa kihami" ni halali au ni hatari kutegemea kihami kipi kinachokusudiwa.

Limebaki neno sakafu, na hapa ndipo tulipojifunza zaidi. Sakafu hulala juu ya kitu; ndivyo tulivyozoea kuiona, ya saruji au ya chokaa, imegandamana na kilicho chini yake. Lakini katika uvungu wa paa mbao zikilazwa juu ya sufi huibana, hewa ikatoka, na kazi ikapotea. Huko Uingereza unene unaoshauriwa kwa sufi ni sentimita 27 hivi, ilhali mbao zinazobeba dari katika nyumba nyingi za zamani huwa na kimo cha sentimita 10 tu. Kwa hiyo mbao za kukanyagia hazina budi kuinuliwa kwa miguu juu ya sufi, na juu ya sufi ibaki nafasi ya hewa kupita. Pasipo hewa, mvuke wa jikoni na wa pumzi hugeuka maji kwenye mabati baridi alfajiri, yakadondokea sufi.

Je, hatuna neno la jukwaa lililoinuliwa, la kuwekea vitu, lisilolala juu ya kilicho chini yake? Tunalo: uchaga. Wakulima wameweka nafaka juu ya chaga tangu kale, hewa ikipita chini. Uchaga una miguu kwa asili yake, wala hakuna mtu anayeualika uchaga kuwa chumba cha kulala. Fundi akiambiwa "uchaga wa mbao" atauliza mwenyewe miguu yake itasimama juu ya nini, na jibu lazima liwe: juu ya mbao za chini za kenchi, baada ya mtaalamu kuthibitisha kuwa zinauweza mzigo huo, kwani kenchi nyingi zilipimwa kwa uzito wa mabati na dari tu. Swali hilo lingeuliza neno sakafu? Halikuuliza.

Tafsiri ile sasa ingesomeka hivi: "Tandaza kihamijoto katika uvungu wa paa, juu ya dari, pasipo kuzifukia waya za umeme wala kuziba njia za hewa penye upenu. Kisha simamisha uchaga wa mbao juu ya mbao za chini za kenchi, miguu yake ikiwa mirefu kuliko unene wa kihamijoto. Mtu asikanyage dari." Imekuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, nasi hatuoni haya kwa hilo.

Kwa vile vipande vyembamba vya kushikilia dari, ambavyo mafundi huviita brandaringi, bado hatujaridhika. Fito za dari limependekezwa, na mtambaapanya pia, ingawa huo wa mwisho ni mti ulazwao juu ya ukuta na una kazi yake. Wasomaji walio karibu na mafundi, hasa Tarime na mpakani Sirari ambako majina ya bidhaa huvuka pamoja na bidhaa zenyewe, watuandikie wanayoyasikia.