Shirika lililoshinda polio kwa senti kumi bado linapambana na uzazi wa mbele ya muda

Tarehe 17 Novemba ya kila mwaka, hospitali katika nchi nyingi hukumbuka watoto waliozaliwa mbele ya muda, yaani kabla mimba haijafikisha majuma 37. Kati ya mashirika yanayoipigia mbiu siku hiyo kuna March of Dimes ya Marekani, ambayo zamani ilipambana na ugonjwa mwingine kabisa.

Ilianzishwa mwaka wa 1938 na rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa amelemazwa miguu na polio tangu 1921. Raia hawakuombwa pesa nyingi: dime moja tu, kile kipande cha senti kumi, wakitume kwa barua hadi ikulu. Ndani ya majuma machache zilifika dime zaidi ya milioni mbili, na wafanyakazi wa ikulu wakalemewa na magunia ya barua. Michango ya namna hiyo ndiyo iliyolipia utafiti wa Jonas Salk. Tarehe 12 Aprili 1955 chanjo yake ikatangazwa kuwa salama na yenye nguvu.

Shirika lingeweza kufunga milango hapo. Mwaka wa 1958 liligeukia watoto wanaozaliwa na kasoro, na mwaka wa 2003 likaanza kampeni dhidi ya uzazi wa mbele ya muda. Vita hivi ni vigumu zaidi. Polio inaletwa na kirusi kinachojulikana. Mtoto kuzaliwa mapema kunatokana na mengi: shinikizo la damu, maambukizo, mapacha, mimba zinazofuatana karibu, na mara nyingi muganga haoni sababu yoyote. Chanjo hakuna. Pamoja na utajiri wote wa Marekani, karibu mtoto mmoja kati ya kumi huko bado anazaliwa mapema, na wanawake weusi wanapatwa kuliko weupe. Shirika halifichi aibu hiyo: kila mwaka linapatia kila jimbo alama, kama mwanafunzi.

Yaliyofaulu ni mambo ya kawaida. Tangu 1998 unga wa ngano nchini humo unatiwa asidi foliki, na watoto wenye kasoro ya uti wa mgongo wamepungua. Hospitali nazo zilihimizwa kuacha kuzalisha akina mama mbele ya juma la 39 pasipo sababu ya kiafya.

Mashariki mwa Kongo kuna adui mwingine: malaria, ambayo hujificha ndani ya kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula. Kinga yake inajulikana: chandarua, na vidonge vya SP ambavyo mama hupewa kwenye CPN kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu, kila mara baada ya mwezi mmoja au zaidi. Mama anayeanza CPN mwezi wa nane ni vigumu kwake kuzitimiza. Na anayekimbia vita, mara nyingi hana hata kituo cha afya cha kuendea.