Mgongo Ukiuma, Picha Kwanza? Kweli na Si Kweli

Dereva wa bodaboda ameamka hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Jirani anamwambia, "Nenda kapige picha kwanza, ujue kuna nini." Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini umewagharimu wengi.

"Bila picha daktari hajui tatizo." Si kweli. Maumivu mengi ya mgongo wa chini hayana kitu cha kuonekana kwenye picha. Daktari anayekuhoji kwa makini, akakugonga goti kwa kinyundo, akauinua mguu wako ukiwa umelala chali, amekupima. Usiondoke ukidhani hakukuhudumia.

"Picha imeonyesha pingili zimesagika, basi ndizo zinazouma." Si lazima, na hapa ndipo watu wanapoumia zaidi. Mwaka 2015 watafiti walijumlisha matokeo ya tafiti 33 zilizohusu watu 3,110 wasioumwa mgongo hata kidogo. Kwa wenye miaka 20, watu 37 kati ya 100 walikuwa na diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizoanza kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, ni 96 kati ya 100. Diski huchakaa jinsi nywele zinavyoota mvi, na mvi haziumi. Lakini mtu akishasomewa neno "zimechakaa" kutoka kwenye bahasha ya kaki yenye majibu ya picha, anaogopa kuinama. Anaacha jembe, anaacha hata kumbeba mwanawe. Misuli inalegea, maumivu yanazidi, na wengine wanaishia kufanyiwa upasuaji ambao hawakuuhitaji.

"Eksirei itaonyesha kama mshipa wa fahamu umebanwa." Si kweli. Eksirei huonyesha mifupa. Diski na mishipa ya fahamu haionekani. Tena eksirei ya kiuno hutoa mionzi mingi kuliko ya kifua. Kipimo cha MRI huonyesha diski na mishipa hiyo, wala haina mionzi, ila bei yake tunaijua.

"Lala kitandani mpaka upone." Si kweli. Tembea, endelea na kazi kadiri unavyoweza.

"Kuna wakati picha haikwepeki." Kweli kabisa. Ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, kushindwa kukojoa au kujizuia haja, miguu kuishiwa nguvu: hapo nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho. Usichelewe pia kama una homa, unakonda bila sababu, umewahi kuugua saratani, au umeanguka vibaya. Kwetu tusisahau kifua kikuu, ambacho hushambulia hata uti wa mgongo.

Kama huna dalili hizo, maumivu mengi hupungua ndani ya wiki sita. Yasipopungua, rudi ukapimwe upya. Na ukiandikiwa picha, muulize daktari wako kwa heshima: "Majibu yake yatabadilisha matibabu yangu?"