Kinga ya mlima, gazeti na bahasha: nani alilipa ili tuamini?

KOLWEZI – Asubuhi, kwenye barabara ya kuelekea Musompo, kinga inafanya kazi ya lori. Magunia ya mawe yenye shaba na kobalti yamefungwa kwa kamba za mpira, moja nyuma, lingine katikati ya fremu. Mwenye kinga hapandi, anaisukuma. Akifika kwenye depo, jasho lake lote linategemea kifaa kimoja chenye umbo la bastola, ambacho kila mtu hapa anakiita Metorex. Mnunuzi anakielekeza kwenye jiwe, namba inatokea, na bei inafuata namba.

Kwa wachimbaji wa mikono, wale tunaowaita «creuseurs», Metorex si mashine tu. Ni ulizo: kama mwenye kupima ndiye mwenye kununua, ile namba ni ya nani?

Ulizo hilo linafaa pia kwa kitu kingine ambacho wakaaji wengi wa Kolwezi wanakiamini bila kukipima: maandishi yenye kusifu bidhaa. Tumechagua mfano ambao unaweza kuonekana wa mbali, magazeti ya kinga za mlima, zile VTT. Lakini si wa mbali sana. Jirani yangu mmoja wa komini ya Manika aliulipia kwa pesa yake.

Ni baba wa watoto wanne, anauza makala. Aliona VTT yenye kupendeza macho: springi mbele, springi nyuma, gia nyingi, matairi mapana. Muuzaji alikuwa na ushahidi kwenye simu, picha ya ukurasa wa gazeti la Ulaya lenye kusifu kinga ya sura ile ile kwamba inashinda mawe na milima. Jirani alitoa akiba yake. Kabla ya mvua kuisha, springi ya nyuma ilikuwa imelala chini ya uzito wa magunia na rimu imepinda. Leo amerudi kwenye kinga yake ya zamani, ile nyeusi, ya chuma, isiyo na gia.

Gazeti halikudanganya. Lilijaribu kinga ya bei kubwa, ikiendeshwa na kijana asiyebeba kitu, kwenye njia za msituni zilizotengenezwa kwa mchezo huo. Ile ya sokoni ilichukua sura tu. Lakini hakuna aliyemwambia jirani yangu tofauti hiyo, kwa sababu kila mtu aliyesimama kati yake na ukweli alikuwa na kitu cha kuuza.

Gazeti la kwanza: mwandishi alikuwa muuzaji

Mchezo wa kinga za mlima una historia fupi. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa Marin County, California, nchini Marekani, walishindana kuteremka mlima kwenye kinga nzito za zamani. Mashindano yaliitwa Repack, kwa sababu breki zilichomeka hadi grisi ikaisha, na baada ya kila mteremko ilibidi kuijaza upya.

Mwaka 1979, wawili kati yao, Gary Fisher na Charlie Kelly, walifungua kampuni ya kuuza kinga hizo. Mwaka 1980, Kelly huyo huyo alianzisha pamoja na Denise Caramagno gazeti dogo lililoitwa Fat Tire Flyer, ambalo liliendelea hadi 1987. Kwa maneno mengine, gazeti la kwanza la mchezo huu liliongozwa na mtu aliyeanza kwa kuuza kinga.

Je, hilo lilikuwa udanganyifu? Hapana, kwa sababu kila msomaji alijua. Walikuwa wachache, walipanda mlima mmoja, na mtu akisifu kinga mbovu, kesho yake angekutana na mnunuzi njiani. Ujirani ulifanya kazi ya mkaguzi.

Mambo yalibadilika soko lilipokua. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilitoa Stumpjumper, kinga ya mlima iliyotengenezwa kwa wingi. Mountain Bike Action ilianza Marekani mwaka 1986, Mountain Biking UK ikafuata Uingereza mwaka 1988. Mwaka 1996 mchezo uliingia Olimpiki kule Atlanta. Msomaji hakumjua tena mwandishi, na mwandishi hakumjua tena msomaji. Wote wawili walijuana na mtu wa katikati tu: kampuni yenye kulipa ukurasa wa tangazo.

Kuacha, si kusema uongo

Namna kazi inavyofanyika haina siri. Kampuni inamkopesha mwandishi kinga mpya. Mara nyingi inamwalika mahali pazuri pa milima, inalipa ndege, hoteli na chakula, na inapanga siku ambayo wote wataruhusiwa kuchapisha kwa pamoja. Mwandishi anaendesha siku mbili au tatu, fundi wa kampuni akiwa karibu kurekebisha kila kitu. Kisha anaandika. Kurasa chache mbele, kampuni hiyo hiyo ina tangazo.

Mara nyingi mwandishi haandiki uongo. Anaacha. Anaacha kusema kwamba siku tatu haziwezi kuonyesha kama beringi zitakufa mwezi wa sita. Anaacha kusema kwamba mabadiliko ya mwaka huu ni rangi tu. Na kinga mbaya kabisa inaachwa nje ya gazeti, hivyo msomaji anabaki na orodha ya vitu ambavyo vyote ni vizuri. Mwandishi mkali sana anajua pia kwamba mwaka ujao huenda asialikwe.

Kuna njia nyingine. Nchini Marekani, Consumer Reports, iliyoanza mwaka 1936, inanunua yenyewe bidhaa inazopima na haichukui matangazo. Kwa wasomaji wa Kifaransa kuna Que Choisir ya Ufaransa na Test-Achats ya Ubelgiji, zenye kutegemea pesa za wasomaji na wanachama wao. Ni kazi ghali, na msomaji ndiye anayeilipia. Lakini anapata kitu ambacho tangazo haliwezi kumpa: mtu ambaye hana haya kusema «usinunue».

Intaneti iliongeza ugumu. Matangazo yalihama, magazeti ya karatasi yakakonda. Dirt ya Uingereza iliacha kuchapishwa kwenye karatasi mwaka 2015. Bike ya Marekani ilisimamishwa mwishoni mwa 2020. Mwaka 2021, kampuni ya Outside ilinunua Pinkbike, mojawapo ya kurasa zinazosomwa sana katika mchezo huu. Pesa zikipungua, ukuta kati ya habari na tangazo ndio wa kwanza kubomolewa tofali moja moja.

Na sisi je?

Ni rahisi kunyoshea kidole waandishi wa California. Lakini hapa nyumbani tuna jina letu kwa jambo hilo: «coupage». Kila mwandishi wa Kongo anajua neno hilo, na wasomaji wengi pia. Mkutano na waandishi unaisha, watu wanapanga foleni, bahasha zinagawanywa. Zinaitwa pesa ya usafiri, hata kwa yule aliyekuja kwa miguu.

Nami nilipokea. Ilikuwa mwanzo wa kazi yangu, kampuni moja ilikuwa inaonyesha barabara na visima ilivyojengea kijiji. Nilichokiandika kilikuwa kweli: visima vilikuwepo, maji yalitoka. Lakini nyuma ya ukumbi mama mmoja alisimama akauliza juu ya vumbi la magari makubwa yenye kupita mbele ya shule usiku na mchana. Alijibiwa kwa maneno mawili akakaa. Katika makala yangu, mama yule hayumo. Hakuna aliyeniambia nimtoe. Bahasha haikusema kitu. Ilikuwa tu mfukoni.

Ndiyo maana magazeti ya kinga yananigusa. Dhambi ni ile ile, tofauti ni uzito. Kule mtu anapoteza pesa ya starehe. Hapa Lualaba, jimbo ambalo dunia yote inalitazama kwa ajili ya kobalti ya betri, kinachoachwa nje ya makala kinaweza kuwa maji ya mto, nyumba za kartiye nzima, au mapafu ya watoto.

Sheria zipo. Waandishi wa Kongo wana kanuni zao za maadili tangu mwaka 2004. Sheria ya vyombo vya habari ya 1996 ilibadilishwa na ile ya Machi 2023. Lakini kanuni haijazi sufuria. Waandishi wengi wa majimbo wanafanya kazi bila mkataba, wengine miezi bila mshahara. Anayetaka waandishi waache bahasha lazima aulize pia nani atalipa kodi ya nyumba zao. Hilo si udhuru. Ni hesabu ambayo wenye vyombo vya habari, na wasomaji wenyewe, wanaikwepa.

Kinga ya Manika ingepimwa namna gani?

Tufikiri kidogo gazeti la kinga lililoandikwa kwa ajili ya wakaaji wa hapa. Lisingeanza na uzito wa fremu kwa gramu. Lingefunga magunia mawili ya makala na kuisukuma kinga kwenye mchanga wa kiangazi, kisha kwenye tope la Januari. Lingehesabu spoki za gurudumu la nyuma, kwa sababu ndilo lenye kubeba, na kuangalia kama rimu ina ukuta mmoja au miwili. Lingekagua mahali uma wa mbele ulipochomelewa. Mwishowe lingeuliza ulizo ambalo magazeti ya nje hayana haja ya kuuliza: sehemu hii ikivunjika, inapatikana sokoni Kolwezi, na kwa franga ngapi?

Majibu hayo yapo tayari. Yako mikononi mwa mafundi wenye kukaa kando ya barabara na pompi, gundi na nyundo. Wanajua kinga ipi inarudi kila wiki na ipi inarudi mara moja kwa mwaka. Fundi naye ana faida yake, bila shaka: kinga mbovu inamletea kazi. Lakini anaishi kartiye moja na mteja wake.

Ndugu zetu wa Goma wanalielewa hilo kwa chukudu. Ile kinga ya mbao haijawahi kuhitaji tangazo. Anayeinunua anaweza kumjua aliyeichonga, na gurudumu likipasuka kwenye mteremko na mzigo juu, anajua pa kwenda kugonga mlango. Uaminifu unazaliwa hapo, kwa mtu anayeweza kuulizwa.

Maulizo matano kabla ya kuamini

Kwa msomaji mwenye kutaka kununua kinga, simu, dawa ya mimea au hata ahadi ya mwanasiasa, haya maulizo yanasaidia. Nani alilipia kitu kilichopimwa? Kilipimwa siku ngapi, na katika hali inayofanana na yangu? Je, makala inataja ubaya wowote, au sifa tu? Mwandishi huyu amewahi kusema kitu fulani hakifai? Na nikipata hasara, nani anaweza kuulizwa?

Makala isiyojibu hata moja si lazima iwe ya uongo. Lakini isomwe kama tangazo.

Turudi Musompo. Mchimbaji mwenye uzoefu hakubali namba ya kwanza akiwa na nafasi ya kukataa. Anachukua kipande cha jiwe lile lile, anakipeleka depo ya pili, na ya tatu ikiwezekana, kisha analinganisha. Hana maabara wala diploma. Ana mazoea ya kutomwachia mnunuzi peke yake kazi ya kupima.

Msomaji afanye vivyo hivyo, na aanze na makala hii. Hakuna kampuni wala muuzaji wa kinga aliyelipa chochote ili iandikwe, na hakuna bahasha iliyopokelewa. Jirani yangu ameisoma kabla ya kuchapishwa. Ameomba jambo moja tu: tusiandike jina lake, kwa sababu ile VTT bado anatafuta wa kumuuzia.