Ndege ya rimoti: Kagua kifaa hiki kabla mwanao hajairusha

Mzazi, kama nyumbani una kijana anayeunda ndege ya rimoti kwa ule mfungashio mweupe mwepesi unaokuja na televisheni mpya, huenda umeshamwona akipima kila kitu kwa mizani ya jikoni. Ana sababu. Ndege nzima inaweza kuwa na gramu 300 tu, na kila gramu anayopunguza inaisaidia kupaa. Shida huanza anapotaka kupunguza uzito kwenye kidhibiti mwendo.

Kifaa hiki kidogo hukaa kati ya betri na mota. Hupokea amri ya rimoti, hukata umeme wa betri vipande vipande kwa kasi kubwa, kisha huupeleka kwenye nyaya tatu za mota ili izunguke taratibu au kwa nguvu. Vingi pia hutoa volti 5 za kuendesha risiva na vimota vya usukani. Kikiungua angani, ndege inaweza kupoteza mota na usukani kwa mpigo.

Kidhibiti cha ampia 10 kina gramu 10 hivi. Cha 20 mara nyingi hakizidi gramu 25. Kama mota inavuta ampia 12 nguvu ikifunguliwa yote, kile cha 10 kitachemka, hasa kikifungiwa tumboni mwa ndege pasipo hewa. Mwambie anunue cha 20. Hizo gramu chache azipunguze kwenye gundi, ambayo vijana huimwaga kama uji.

Kwa upande wa afya, kinachonisumbua zaidi ni vidole. Mota iliyoandikwa 1000 huzunguka, bila mzigo, mara 1000 kwa dakika kwa kila volti. Kwa betri ya volti 11.1 inakaribia mizunguko 11,000. Panga boi likiwa na kasi ya maelfu hayo hukata nyama, na likivunjika kipande kinaweza kuruka hadi jichoni.

Kidhibiti kizuri hakiwashi mota mpaka kikute kishikio cha nguvu kiko chini kabisa, na hulia "pii" kutoa taarifa. Usikitegemee peke yake. Majaribio ya mezani yafanyike panga boi likiwa limefunguliwa na kuwekwa kando. Uwanjani, rimoti iwashwe kwanza ndipo betri ya ndege ichomekwe. Wakati wa kumaliza, betri ichomolewe kwanza. Wadogo zake wakae nyuma ya ndege.

Akikatwa, gandamiza jeraha kwa kitambaa safi na inua mkono. Kidole kisichokunjika au chenye ganzi ni cha kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Jicho lisisuguliwe, na kilichonasa usikichomoe.

Betri nazo zina mambo yake. Vidhibiti vingi hukata nguvu ya mota volti zikishuka hadi karibu 3 kwa kila seli, lakini betri ikisahaulika imechomekwa usiku kucha itaendelea kunyonywa mpaka iharibike. Iliyovimba isichajiwe tena. Nzima ichajiwe kwa chaja yake maalumu, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, mtu mzima akiwepo. Moto ukimuunguza, weka sehemu hiyo kwenye maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ibaki bafuni.