Uzito Ukibadilika, Dozi Nayo Ibadilike: Kanuni za Mwitikio katika Mifumo ya Kompyuta

Mfumo wa kompyuta wa hospitali huhifadhi taarifa zinazotegemeana. Taarifa moja ikisahihishwa na nyingine zikaachwa zilivyokuwa, mgonjwa anaweza kudhurika. Makala haya yanaeleza jinsi mchoro wa utegemezi unavyozaa kanuni za mwitikio, yaani maelekezo yanayoiongoza kompyuta pindi badiliko linapotokea.

Tuchukue mfano wa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita, ambako malaria ni ugonjwa uliozoeleka. Mtoto amepimwa na kukutwa na malaria isiyo kali. Dozi ya dawa mseto (ALu) hutegemea uzito: kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1, kuanzia kilo 15 hadi chini ya 25 ni vidonge 2, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Idadi ya vidonge vya kutolewa nayo hutegemea dozi. Huo ndio mchoro: uzito, dozi, idadi.

Tuseme uzito uliandikwa kilo 14, kisha ukasahihishwa kuwa 16. Kila kiungo cha mchoro husomwa kinyume. "Dozi hutegemea uzito" hugeuka kuwa "uzito ukibadilika, kokotoa dozi upya." Kidonge 1 huwa 2, na jumla ya vidonge 6 huwa 12. Kanuni hizi hazikubuniwa moja moja. Zimetokana na mchoro, hivyo mchoro ukiwa kamili hakuna kanuni inayosahaulika. Mpangilio nao huzingatiwa: dozi kwanza, idadi baadaye. Programu za majedwali kama Excel hufuata njia hiyohiyo.

Hata hivyo, kompyuta haiwezi kubadili dawa iliyokwisha kutolewa. Hapo kanuni sahihi ni kumtahadharisha mhudumu, ili mtoto atafutwe kabla dozi pungufu haijashindwa kumponya.

Kwa hiyo, mhudumu asahihishe uzito ndani ya mfumo wenyewe, si pembezoni mwa karatasi tu, kwani badiliko lisiloingizwa haliamshi kanuni yoyote. Mzazi naye, kabla ya kupokea dawa, ana haki ya kuuliza: "Dozi hii imetokana na uzito gani?"